Tathmini ya seva ya NFS ya Linux: root wa mashine nyingine akibisha hodi

Seva ya NFS (mfumo wa kushirikiana faili kupitia mtandao) iliyomo ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux ni ya bure, inapatikana kwenye kila toleo kubwa la Linux, na kusimamisha saraka ya kwanza ya kushirikiana ni kazi ya dakika chache. Tathmini hii haigusi kasi yake. Inaangalia jambo moja, lile linalowatoa watu jasho siku ya pili baada ya kuisimamisha: mtumiaji mkuu, yaani root, wa kompyuta nyingine anapozijia faili za seva yako, anapewa nini? Kinachozungumziwa ni kifurushi cha nfs-kernel-server cha Debian 12. Kwenye Red Hat na jamaa zake kazi hiyohiyo inafanywa na nfs-utils.

Hukumu tuitangulize. Chaguomsingi lake, linaloitwa root_squash, ni zuri, na asiliguse mtu asiyeweza kutaja sababu. Lakini linalinda kidogo kuliko wengi wanavyodhani, na wengi wanaolizima wanalizima kwa tatizo lenye dawa nyingine.

NFS ilitoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984, enzi ambazo kompyuta za mtandao mmoja zilikuwa mikononi mwa watu walewale na waliaminiana. Utambulisho wake wa kawaida, AUTH_SYS, bado una roho hiyo. Kila ombi la mteja hubeba namba ya mtumiaji, namba ya kundi lake, na orodha ya makundi mengine yasiyozidi 16. Hakuna nenosiri wala sahihi. Ni kama daftari la wageni getini: unaandika jina na namba ya kitambulisho, mlinzi anakufungulia, na kitambulisho chenyewe hajakitazama.

Mlinzi huyu ana sheria moja ya ziada. Ukiandika 0, ambayo ni namba ya root, anaifuta na kuandika 65534. Hiyo ndiyo root_squash: root wa mteja anavuliwa cheo na kuwa mtumiaji asiyemiliki chochote. Namba 65534 kwenye Debian huitwa nobody, na kundi lake nogroup. Kwenye Red Hat 8 na kuendelea kundi nalo ni nobody, na kwenye Red Hat 7 utakutana na jina nfsnobody. Kundi namba 0 nalo hufutwa, hata likiwa limejificha ndani ya ile orodha ya makundi mengine. Juu ya hapo, kerneli ya seva inamnyang'anya zile nguvu za root za kuruka ukaguzi wa ruhusa. Ila sheria inaijua namba 0 tu. Mtumiaji bin au kundi la staff, ambao nao ni wa kuchungwa, wanapita na namba zao kama zilivyo.

Tuone kwa mfano. Seva ni 192.168.10.5, mteja ni 192.168.10.21, na mtumiaji asha ana namba 1001 pande zote mbili. Kwenye seva:

sudo apt install nfs-kernel-server
sudo mkdir -p /srv/hesabu
sudo chown 1001:1001 /srv/hesabu
sudo chmod 750 /srv/hesabu

Kisha mstari mmoja ndani ya /etc/exports, faili linaloorodhesha saraka zinazoshirikishwa na nani anaruhusiwa:

/srv/hesabu 192.168.10.21(rw,sync,no_subtree_check)

Endesha sudo exportfs -ra, halafu sudo exportfs -v. Utaona seva imeongeza yenyewe maneno ambayo hukuyaandika: secure, root_squash, no_all_squash, sec=sys. Hayo ndiyo machaguomsingi, na amri hii ya pili ndiyo shahidi wa kuaminika kuliko macho yako juu ya faili la /etc/exports. Kwenye mteja:

sudo apt install nfs-common
sudo mkdir -p /mnt/hesabu
sudo mount -t nfs -o vers=4.2,nosuid,nodev 192.168.10.5:/srv/hesabu /mnt/hesabu

Sasa asha akiandika ls /mnt/hesabu anaona faili zake. Ukiandika sudo ls /mnt/hesabu, yaani amri ileile ukiwa root, unapata:

ls: cannot open directory '/mnt/hesabu': Permission denied

Asiyewahi kukutana na hili hudhani mtandao umeharibika, maana root kukataliwa si jambo alilolizoea. Hakuna kilichoharibika. Saraka ina ruhusa 750, root amekuwa 65534, na 65534 si mwenye saraka wala si wa kundi lake. Anaangukia kwenye ile tarakimu ya mwisho, ya watu wengine wote, ambayo ni 0: hakuna ruhusa.

Hapa ndipo sifa za root_squash zinapoishia, na inafaa lisemwe bila kuzungushwa. Kwenye mteja uleule, andika sudo su - asha. Sasa wewe ni 1001, na seva inakufungulia kila kitu cha asha: kusoma, kuandika, kufuta. Root wa mteja amekataliwa kwa jina lake, kisha amepokelewa kwa jina la mwingine. Kwa hiyo root_squash inalinda faili zinazomilikiwa na root wa seva. Faili za watumiaji wa kawaida hailindi hata kidogo dhidi ya mtu mwenye sudo kwenye mashine uliyoiruhusu. Chaguo la secure, linalodai ombi litoke kwenye poti iliyo chini ya 1024, halibadilishi hali: poti hizo ni za root, na kila mwenye kompyuta yake mwenyewe ni root wa kompyuta hiyo. Ukiiruhusu 192.168.10.0/24 nzima kwenye ofisi ambayo watu wanachomeka kompyuta zao za nyumbani, umewapa wote funguo za wote. Taja mashine mojamoja, zile ambazo sudo yake iko mkononi mwako.

Upande wa pili, no_root_squash ni hatari ya aina nyingine kabisa. Root wa mteja ananakili bash ndani ya saraka, anaiacha ikimilikiwa na root, anaipa chmod 4755, ruhusa (suid) inayofanya programu iendeshwe kwa nguvu za mwenye faili. Kisha mtumiaji wa kawaida kabisa mwenye akaunti kwenye seva anaendesha ./bash -p pale ilipo, na tayari ni root wa seva. Nusu dakika. Kwa hiyo ukilazimika kutumia no_root_squash, saraka hiyo iwe kwenye kizigeu chake (sehemu ya diski iliyotengwa), na kizigeu hicho kipachikwe kwa nosuid,nodev kwenye /etc/fstab ya seva yenyewe. Wengi huweka nosuid upande wa mteja na kusahau seva, ilhali seva ndiyo inayoshambuliwa. Kuweka pande zote mbili hakugharimu kitu.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii iko kwenye lugha ya /etc/exports. Tazama mstari huu:

/srv/bekapu 192.168.10.21 (rw,no_root_squash)

Kuna nafasi moja kabla ya mabano. Kwa nafasi hiyo, 192.168.10.21 inapata machaguomsingi, yaani kusoma tu na root kuvuliwa cheo, na dunia nzima iliyobaki inapata rw,no_root_squash. Kinyume kamili cha alichokusudia mwandishi. Seva inaupokea mstari huu kwa kuwa ni sahihi kisarufi; exportfs hutoa onyo tu, ambalo ni rahisi kupuuzwa. Dalili inayohisiwa ni kwamba mteja aliyekusudiwa hawezi kuandika. Msimamizi anahangaika na ruhusa za saraka huku mlango wa uani uko wazi. Kwenye exportfs -v utaona neno <world> mbele ya saraka. Likitokea usipolitarajia, rudi kwenye mstari ukatafute nafasi. Bidhaa yenye umri huu ilistahili kuukataa mstari wa namna hiyo mpaka mwandishi athibitishe, na hili tunaliondolea alama bila kusita. Jambo jingine la kukumbuka hapo: mashine ikiwa imetajwa kwa anwani yake na pia imo ndani ya mtandao uliotajwa, anwani ya mashine moja ndiyo inayoshinda, haidhuru ipi imeandikwa kwanza.

Sasa zile sababu zinazowafanya watu wazime root_squash. Ya kwanza ni bekapu. Root anaendesha rsync -a, programu ya kunakili faili, kwenda kwenye saraka ya NFS, na kila faili linalia:

rsync: chown "/mnt/bekapu/..." failed: Operation not permitted (1)

Mwisho inatoka na namba 23. Herufi -a imebeba ndani yake -o na -g, yaani tunza mwenye faili na kundi lake, na aliyevuliwa cheo hana uwezo wa kumpa mwingine faili. Njia ziko kadhaa kabla ya kufikia no_root_squash. Ikiwa umiliki hauna maana kwako, tumia rsync -rlt. Ikiwa una maana, weka bekapu kama tar, faili moja lililokusanya faili nyingi, kwa sababu umiliki hukaa ndani ya faili la tar lenyewe na seva haihitaji kuujua:

sudo tar -C /etc -cpf - . | sudo -u asha dd of=/mnt/hesabu/etc.tar bs=1M

Hapo root anasoma faili za mashine yake, ambako bado ni root, na asha ndiye anayeandika kwenye NFS. Kila mmoja anafanya anachoruhusiwa. Chunga tu kwamba etc.tar ina siri za mashine ndani yake, iwe 600. Njia ya tatu ni rsync --fake-super, inayohifadhi umiliki kwenye sifa za ziada za faili. Kupitia NFS inahitaji toleo 4.2 na kerneli 5.9 au zaidi pande zote mbili. Chini ya hapo sifa hizo hazivuki. Na njia iliyo bora kwa ofisi nyingi ni kugeuza mwelekeo: seva ya bekapu iende kuchukua kwa SSH, badala ya wateja kuja kuandika.

Sababu ya pili ni kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na mahitaji yake. Picha (vifurushi vya kuanzishia kontena) nyingi za hifadhidata huanza kama root, zinafanya chown kwenye saraka ya data, kisha zinashuka kuwa mtumiaji wa kawaida. Kwenye NFS hatua ya chown inagonga mwamba na kontena inajifunga, inaanza upya, inajifunga tena. Dawa ni kuipa saraka mwenye sahihi kwenye seva kabla ya yote, halafu kuianzisha kontena moja kwa moja kwa namba hiyo. Picha rasmi ya PostgreSQL inayotegemea Debian hutumia 999, ile ya Alpine hutumia 70. Kwa hiyo chown 999:999 kwenye seva na --user 999:999 kwenye kontena. Anayeshindwa kubadilisha kontena anaweza kuandika hivi kwenye seva:

/srv/pg 192.168.10.21(rw,sync,no_subtree_check,all_squash,anonuid=999,anongid=999)

Hapa kila anayekuja, root au si root, anageuzwa kuwa 999. Chown ya kwenda 999 inapita, kwa sababu mwenye faili anaruhusiwa kujipa faili lake mwenyewe. Ukibandika all_squash bila kulinganisha anonuid na namba ya ndani ya kontena, chown itaendelea kukataliwa vilevile, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kufungua kila kitu.

Sababu ya tatu si ya root kabisa, ila husingiziwa root_squash: ls -l kwenye mteja inaonyesha nobody kila mahali. Kuna maradhi mawili yenye dalili hiyo. Tengeneza faili jipya kutoka kwa mteja, kisha nenda kwenye seva uendeshe stat -c '%u:%g' juu yake. Seva ikijibu 65534, umevuliwa cheo. Seva ikijibu 1001 huku mteja akionyesha nobody, tatizo ni ulinganishaji wa majina wa NFS toleo la 4: fungua /etc/idmapd.conf pande zote, mstari wa Domain uwe sawa, kisha nfsidmap -c kwenye mteja ili kumbukumbu ya zamani ifutwe. Kuzima root_squash kwa ugonjwa huu wa pili hakuponyi kitu na kunaacha kidonda.

Na ukibadilisha chaguo lolote, exportfs -ra huanza kufanya kazi papo hapo kwenye seva, lakini mteja anaweza kuwa bado anakumbuka jibu la zamani la ruhusa. Toa na upachike upya kabla ya kuhukumu. Kutoka kwa mteja hakuna amri inayokwambia kama root_squash imewashwa: showmount -e huonyesha saraka na anwani tu, nfsstat -m huonyesha toleo na sec. Jaribio la sudo touch, yaani kuunda faili kama root na kuona linamilikiwa na nani kwenye seva, ndilo pekee.

Yale makundi 16 nayo yanaleta usumbufu wake: mtumiaji wa makundi 20 hukataliwa saraka ya kundi lake halali bila maelezo. Weka manage-gids=y chini ya [mountd] kwenye /etc/nfs.conf, na seva itatafuta makundi yenyewe badala ya kuamini orodha ya mteja. Debian huja nayo imewashwa.

Anayehitaji ulinzi wa kweli kati ya mtumiaji na mtumiaji anapaswa kwenda Kerberos, mfumo wa utambulisho kwa tiketi: sec=krb5 kwa utambulisho, krb5i kwa kuongeza uthibitisho kwamba data haikuchezewa, krb5p kwa kuificha. Hapo sudo su - asha haitoshi tena, maana seva inadai tiketi ya asha. Root wa mteja huja na tiketi ya mashine kutoka /etc/krb5.keytab na kwa kawaida huishia kuwa nobody. Pengo linalobaki ni dogo ila lipo: asha akiwa ameingia, tiketi yake mara nyingi iko /tmp/krb5cc_1001, na root wa mashine hiyo anaweza kuisoma hadi muda wake uishe. Kazi ya kusimamisha Kerberos ni kubwa. Kwa ofisi ya mashine tano zenye msimamizi mmoja hatuipendekezi. Njia ya katikati ni TLS, itifaki ya kusimba mawasiliano, kwa chaguo la xprtsec=mtls, ambayo inathibitisha mashine yenyewe kwa cheti. Inahitaji kerneli 6.5 upande wa mteja, kwa hiyo Debian 12 na kerneli yake ya 6.1 haimo.

Ukilinganisha na wenzake, Linux inasimama vizuri. FreeBSD nayo humvua root cheo isipoambiwa vingine, na chaguo lake la -maproot ni wazi zaidi kwa sababu unataja anageuzwa kuwa nani. TrueNAS imelirithi jina hilo kwenye ukurasa wake. Synology hutumia maneno ya kawaida kwenye menyu, na hapo pana mtego: kumgeuza root kuwa admin kunasikika kama tahadhari, kumbe admin ni mtu mwenye uwezo mkubwa kwenye kifaa hicho. NetApp ONTAP huweka uamuzi kwenye sera, sehemu ya superuser, na chaguomsingi ni kutompa root kitu.

Huduma za wingu ndizo zinazogeuza mambo. Amazon EFS haimvui root cheo isipoagizwa. Saraka mpya inamilikiwa na root kwa ruhusa 755, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida hawezi hata kuandika mpaka root aje kumfungulia. Azure Files kwa NFS nayo huanza na root mwenye nguvu zote. Aliyezoea Linux na kuhamia huko asichukulie kuwa kinga ile imehama naye. Kwenye EFS, andika sera isiyotoa elasticfilesystem:ClientRootAccess, au tumia vituo vya kuingilia vinavyolazimisha namba ya mtumiaji.

Ipo kazi moja ambayo no_root_squash ni halali tangu mwanzo: maabara ya kompyuta zisizo na diski, zinazowaka kwa kupachika mfumo wao wote kutoka kwenye seva. Humo /etc/shadow ni 640, funguo za SSH ni 600, /etc/sudoers ni 440, vyote vya root. Ukimvua cheo, mashine inashindwa kusoma faili zake yenyewe: sshd haiamki, sudo inakataa. Shirikisha kwa ro,no_root_squash, na maandishi yote ya kila mashine yaende kwenye tabaka la kumbukumbu (RAM) juu yake. Kisha kumbuka kwamba yeyote anayefikia anwani zilizoruhusiwa anaweza kuisoma /etc/shadow hiyo. Usiweke ndani ya mfumo huo nenosiri linalotumika mahali pengine, na funguo za SSH za kila mashine zizalishwe inapowaka, zisiwemo kwenye saraka ya seva.